Mama Makochi na hukumu ya mwanamke mnene

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Makochi amepiga magoti mbele ya kochi lililopinduliwa miguu juu. Mkono wa kulia ana bisibisi, wa kushoto ana koleo. Anaingiza ncha ya bisibisi chini ya pini, anainyanyua, anaing'oa, anaitupa kwenye kopo la rangi. Anahamia inayofuata.

Kochi la watu watatu huwa na pini zaidi ya mia sita, anasema, na hazina njia ya mkato. Fundi mvivu huvuta kitambaa kizima kwa nguvu, na mbao huchanika nacho. Mwenye kazi yake huzing'oa moja moja, huku akijifunza kochi lilishonwa na nani na alilipua kazi wapi.

“Hili alilishona mtu mwenye haraka,” anasema bila kuinua kichwa. “Hapa kwenye kona amekunja kitambaa mara moja tu. Alijua mteja hatapindua.”

Kufikia saa mbili kasoro, kochi limebaki mifupa: fremu, springi na mikanda iliyolegea. Mama Makochi anajipangusa vumbi la sponji, anavaa gauni la kijivu juu ya suruali ya kazi, kisha anachukua chaki na kuandika kwenye ubao mdogo ulioning'inia nje ya karakana, hapohapo anapoandika bei: NIMEKWENDA MAHAKAMANI KWA MIGUU YANGU. NARUDI SAA TANO.

Mpita njia mmoja anasoma na kucheka. Yeye hacheki. Anafunga kufuli mbili, anaitikisa kila moja, anashika njia.

Leo ni tarehe tano. Kila tarehe tano ya mwezi, kwa miezi kumi na tatu iliyopita, fundi huyu mwenye miaka arobaini na saba ametembea dakika arobaini mpaka dirisha la mhasibu wa mahakama na kulipa elfu arobaini. Leo ni mara ya kumi na nne. Mhasibu hamuulizi tena namba ya kesi. Anaijua kwa moyo, kama anavyomjua mwenyewe, mwanamke mwembamba asiyeondoka dirishani mpaka muhuri wa stakabadhi ukauke.

Wengi huja mahakamani wakiwa wameinamisha vichwa, hasa wenye kesi za madeni. Mama Makochi huingia akisalimia mabenchi yote mawili ya kusubiria.

“Nadaiwa, sijaiba,” anasema. “Na hata hicho ninachodaiwa nilikipigania mpaka kikawa cha kweli.”

Habari yenyewe ilianza vizuri. Miaka minne iliyopita, akiwa na cherehani ya kukanyaga iliyochoka, alikopa milioni mbili na laki nne kutoka kampuni moja ya mikopo. Makubaliano yalikuwa arejeshe milioni tatu kwa miezi ishirini, laki moja na nusu kila mwezi. Akanunua cherehani ya umeme ya kushonea vitambaa vizito, mashine ya upepo ya kupigia pini, na mzigo wa sponji.

Mashine ikajilipa. Kazi aliyokuwa akiimaliza kwa wiki akawa anaimaliza kwa siku tatu. Seti moja ya makochi, akishatoa kitambaa, sponji na usafiri, ilimwachia kati ya elfu tisini na laki moja na ishirini. Mwezi mzuri alipata seti nne, mwezi mbaya moja. Kwa miezi kumi na tano mfululizo hakukosa rejesho hata moja. Binti yake mkubwa akaenda shule ya bweni, na mdogo akapata kitanda chake mwenyewe.

Mwezi wa kumi na sita, yeye na mwenzake wakipandisha kochi kwenye ngazi za nyumba ya mteja, aliyeshika upande wa juu aliteleza. Uzito wote ukamshukia Mama Makochi. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika sehemu mbili.

“Nilisikia mlio,” anasimulia. “Nikadhani ni mbao. Nikamwambia mwenzangu, angalia fremu imevunjika. Kumbe fremu ni mimi.”

Alikaa na plasta wiki nane. Fundi wa makochi asiye na mkono wa kulia hana tofauti na aliyefunga duka. Mumewe, mlinzi wa mchana kwenye ghala la saruji, alibeba nyumba peke yake. Mama Makochi alikwenda ofisini kwa kampuni mkono ukiwa kifuani, akaeleza yaliyompata, akalipa elfu sabini na tano alizokuwa nazo, nusu ya rejesho. Anasema ofisa aliyempokea alimpa pole, akamwambia apumzike, akipona wataongea.

Hawakuongea tena. Aliyekuja kuongea, miezi mitano baadaye, alikuwa dalali wa mahakama.

Ilikuwa Jumanne. Mkono ulikuwa umerudi kazini ingawa ulikuwa bado unauma ukishikwa na baridi, na karakana ilikuwa imejaa. Gari dogo la mizigo likaegesha kinyumenyume mlangoni. Wakashuka wanaume watano. Mmoja alikuwa na karatasi, wanne walikuwa na kamba.

Dalali, mtu wa makamo mwenye adabu zake, alimwita mama na kumwambia kwamba mahakama imetoa hukumu. Anadaiwa milioni mbili, laki tisa na elfu arobaini, faini na gharama za kesi zikiwamo. Hakufika alipoitwa, hakujibu madai, kwa hiyo kesi imesikilizwa upande mmoja na sasa mali zinakamatwa. Baada ya siku kumi na nne zitapigwa mnada.

Mama Makochi alikuwa hajaona wito wowote. Alikuwa hajui hata kama kuna kesi. Na hiyo namba, milioni mbili na laki tisa, ilikuwa kubwa kuliko mkopo aliouchukua, ambao alikuwa amekwisha kuulipa zaidi ya robo tatu.

Anakiri kwamba kwa dakika kadhaa aliangalia tu cherehani yake ikibebwa juu juu kama mgonjwa. Ikafuata mashine ya upepo. Walipogeukia makochi ya wateja, seti mbili zilizokuwa zimekamilika na moja iliyokuwa na kitambaa nusu, ndipo ulimi ulipofunguka.

Aliwaambia hayo si yake. Dalali akajibu kwamba kila kilichomo ndani kinahesabiwa cha mdaiwa mpaka ithibitike vinginevyo. Akaomba karatasi aisome. Dalali akasema hiyo ni ya ofisi.

“Unachukua vitu vyangu kwa karatasi ambayo mimi siruhusiwi kuisoma?” alimuuliza. Akakaa kizingitini, katikati kabisa, ambapo kochi lisingeweza kupita bila kumruka. “Basi nipite kwanza mimi, nipandisheni kwenye gari, kisha ndiyo mchukue hayo mengine.”

Majirani walikuwa wamejaa mtaani. Dalali aliwaangalia, akamwangalia yeye, akatoa nakala ya pili mfukoni.

Aliisoma pale pale kizingitini, mstari kwa mstari, wanaume wanne wakiwa wameshikilia kochi hewani. Kisha akadai orodha. Kila kitu kikaandikwa. Alipoona makochi yameandikwa kama mali ya mdaiwa, aliomba kalamu, na chini ya orodha, kwa mwandiko wake, akaandika: “Seti tatu ni za wateja. Nimemwambia dalali. Amekataa kusikia.” Akaweka sahihi na tarehe. Dalali akatikisa kichwa, lakini karatasi ilikuwa imeshaandikwa.

Gari lilipoondoka, karakana ilibaki na kopo la pini, vipande vya sponji na kigoda kimoja kibovu chenye mto, ambacho vijana wa dalali walikitazama wakaona hakina bei.

Jioni hiyo mumewe aliporudi kutoka kazini, alikuta mtaa mzima una habari kabla yake. Ni mtu mpole, wa maneno machache, asiyependa jina lake litajwe hovyo. Alikaa kitandani, akasema wakubaliane na kampuni, wakope kwa kaka zake, walipe yaishe.

“Aibu hii itatumaliza, mke wangu,” alimwambia.

Mama Makochi alimjibu kwamba hana shida ya kulipa. Shida yake ni kulipa asichodaiwa. Na tena, yeye hakuitwa. Mtu hahukumiwi bila kuitwa. Mume akasema mahakama haiwezi kusema imemwita kama haikumwita. Wakalala kila mmoja ameupa ukuta uso wake.

Asubuhi alikuwa kwenye masjala ya mahakama kabla karani hajafungua dirisha. Karani alimuuliza kama ana wakili. Hana. Akamuuliza anataka nini. Akasema anataka kulisoma faili lake. Karani akamwambia wadaiwa huwa hawasomi mafaili, huja kuomba muda.

“Mimi naomba faili,” alisema. “Muda nitauomba nikishajua wa nini.”

Alilipa ada ndogo, akapewa faili na nafasi kwenye kona ya benchi, chini ya jicho la karani. Humo ndimo alipokutana na mwanamke mnene.

Ilikuwa karatasi ya kiapo. Aliyeapa ni mtu aliyepewa kazi ya kumpelekea wito. Alieleza kwamba tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, alifika nyumbani kwa mdaiwa, ghorofa ya kwanza, mlango wa bluu. Alimkuta mdaiwa, “mwanamke mnene wa makamo,” pamoja na mumewe. Mdaiwa alikataa kupokea wito. Mume akasema kwa dharau, “Kawaambie tutalipa tukijisikia.” Ndipo akaubandika wito mlangoni na kuondoka.

Hapa inafaa msomaji amfahamu Mama Makochi. Ni mwembamba wa kupepea. Majirani humtania kwamba akisimama ubavu hesabu inapungua mtu mmoja. Anaishi na familia yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana, nyumba ya chini, na ngazi pekee iliyopo hapo ni ya kupandia darini.

Alianza kucheka. Alicheka peke yake pale kwenye benchi mpaka karani akasimama kuangalia kuna nini. Kisha, anasema, kicheko kikageuka machozi, na machozi yakageuka hasira, na hasira ndiyo iliyokaa.

“Walimhukumu mtu mwingine kabisa,” anasema. “Wakaja kuchukua cherehani yangu.”

Tarehe kumi na moja aliikumbuka vizuri. Ndiyo siku aliyokatwa plasta. Saa nne asubuhi alikuwa kwenye foleni ya hospitali na mumewe, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini. Kadi ya hospitali ilikuwa na tarehe na muhuri, na kitabu cha ghala kilikuwa na ruhusa.

Alinakili kiapo chote kwa mkono, akarudi nacho nyumbani, akampa mumewe asome. Alimtazama macho yake yakishuka mstari kwa mstari mpaka yakafika kwenye maneno yaliyosemekana ni yake.

Mume alisoma mara mbili. Akauliza polepole, “Mimi nimesema tutalipa tukijisikia?”

Ni mtu ambaye, kwa ushuhuda wa mkewe, huomba radhi hata kwa mlango akiugonga. Tangu dakika ile hakuna aliyetaja tena kwenda kukopa kwa kaka zake. Aliomba ruhusa nyingine kazini, akaiandika yeye mwenyewe, na kwenye sababu akaweka: kwenda kukanusha.

Pigo lingine lilikuja kutoka upande mwingine. Wateja watatu walikuwa wamepoteza makochi yao. Mmoja alitishia kwenda polisi. Mwingine alimtangaza mtaani kwamba ni tapeli, na mpaka leo hajarudi. Wa tatu, mwalimu mstaafu wa sekondari, alikuja amefura, fimbo mkononi, akamweleza kwamba kochi lile alilinunua kwa kiinua mgongo chake.

Mama Makochi alimsikiliza mpaka akamaliza. Akampa nakala ya kiapo. Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akamtazama fundi kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasoma tena.

“Mwanangu,” akasema, “niletee karatasi safi na meza.”

Kwa siku mbili waliandika maombi ya kutengua hukumu. Mama Makochi alisema, mwalimu akanyoosha lugha. Mwalimu alifuta matusi mawili na neno “majambazi” mara tatu. Karani yule wa masjala, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuvutiwa na kisa, aliwaonyesha fomu inayotakiwa na kuwakumbusha waombe pia mnada usimamishwe. Mwalimu akaapa kiapo chake kuhusu kochi lake. Mteja aliyetishia kwenda polisi, alipoona mwalimu ameapa, naye akaja kuapa.

Maombi yalisikilizwa zikiwa zimebaki siku tatu mnada ufanyike. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini inayomlazimu kila mtu anyamaze ili asikie. Wakili wa kampuni alisema hizi ni mbinu za kawaida za wadaiwa kupoteza wakati, na kwamba mpeleka wito ameapa. Mama Makochi aliomba amuulize mpeleka wito maswali. Hakimu akaruhusu, na siku ya pili mtu huyo akaletwa.

Alimuuliza nyumba aliyofika ina ghorofa ngapi. Akajibu mbili. Akamuuliza mlango. Wa bluu. Akamuuliza kama nje kulikuwa na karakana ya makochi. Akasema hakuona. Akamuuliza kama anamfahamu mwanamke aliyempelekea wito, akimwona atamtambua. Akasema ndiyo.

“Yumo humu ndani?”

Mpeleka wito aliangalia mabenchi, macho yake yakatua safu ya pili. Hapo alikaa mama mmoja mnene aliyekuja kwa kesi yake ya kiwanja. Mama wa watu akaanza kujikunyata na kutikisa kichwa kwamba si yeye.

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. Akamtazama Mama Makochi juu ya miwani, kisha akakitazama kiapo, kisha akamtazama tena.

“Mheshimiwa,” Mama Makochi alisema, “mimi sijawahi kuwa mnene tangu nizaliwe. Hata mimba mbili hazikunifanyia hisani hiyo.”

Safari hii hata hakimu aliinamisha uso kwenye faili. Kisha mume akasimama, mkono mmoja ameshika kofia yake ya kazi, mwingine kadi ya hospitali. Alieleza alikokuwa saa nne ya tarehe kumi na moja. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema anaomba yale maneno aliyowekewa mdomoni yafutwe kwenye karatasi za serikali, kwa sababu yeye hajalelewa hivyo.

Hukumu ikatenguliwa. Hakimu akaagiza mali zote zirudishwe na kesi ianze upya, pande zote mbili zikiwapo.

Cherehani ilirudi mkanda umekatika. Kochi la mwalimu lilirudi limechanika ubavu, na Mama Makochi akalivalisha upya kwa kitambaa chake mwenyewe bila kudai senti. Lakini vita haikuwa imekwisha, na hapo ndipo, anasema, wengi hukosea. Kutenguliwa kwa hukumu si kufutwa kwa deni.

Kabla ya kesi kusikilizwa, ofisa wa kampuni alimfuata karakana. Alikuja kwa upole, na karatasi tayari. Asaini milioni moja na laki tisa, mambo yaishe, asijichoshe. Mume, aliyechoka na ruhusa za kazini, alimwambia labda hii sasa ni nafuu. Mama Makochi alimuuliza ofisa namba hiyo imetoka wapi. Ofisa akasema ni hesabu za mfumo.

“Kamwambie mfumo aje tukae naye,” akamjibu, akarudi kushona.

Mahakamani, kitabu cha kampuni kilionyesha marejesho kumi na moja tu. Mama Makochi alileta stakabadhi kumi na sita. Alikuwa amezitunza tangu siku ya kwanza ndani ya mto wa kile kigoda kibovu, chini ya zipu, mahali anapokalia akishona kwa mkono. Vijana wa dalali walikuwa wamekiacha kwa dharau.

Stakabadhi nne kati ya zile tano zisizokuwamo kitabuni zilikuwa na sahihi ya mkusanyaji aliyekuwa ameacha kazi. Ya tano ilikuwa ile ya elfu sabini na tano, ya siku aliyokwenda na mkono kifuani. Zote zilikuwa na muhuri wa kampuni. Wakili alizigeuza nyuma na mbele, kisha akasema hana pingamizi.

Alipoulizwa kama anakana deni, watu wake walitarajia aseme anakana. Mwalimu mwenyewe, aliyekaa safu ya mbele, alitega sikio.

“Sikani,” alisema. “Nilikopa. Nimebakiza laki sita na sabini na tano, hesabu ninayo. Nililala na mkono uliovunjika, sikulipa. Hilo ni langu. Ila faini ya kutokuja nilipokuwa sijaitwa, siyo yangu. Na fedha nilizolipa wakazipoteza wao, siyo zangu.”

Hakimu aliamuru alipe laki saba na sitini, deni pamoja na riba aliyoiona ya haki. Kila upande ubebe gharama zake. Alipoulizwa anaweza kulipaje, alisema elfu arobaini kwa mwezi. Wakili akataka laki. Mama Makochi akatoa daftari lake la kazi na kumwomba hakimu asome mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Hakimu alisoma. Ikawa elfu arobaini, kwa miezi kumi na tisa.

Akisimulia ushindi tu, atakuwa anadanganya, na yeye kudanganya hataki. Ada, nakala na nauli za siku za mvua vilimlia laki mbili na elfu kumi. Binti mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada, na bado kuna siku hulikumbusha kwa namna ya kununa. Mteja aliyemwita tapeli hupita upande wa pili wa barabara. Mkono wa kulia hauzunguki kama zamani, kwa hiyo sindano ya kupinda huishika kwa kushoto.

Habari zimesambaa. Siku hizi huja watu na karatasi zilizokunjwa mara nane, wakizitoa mifukoni kama wanafunua kidonda. Muuza duka, kinyozi, mama wa kufua nguo. Hawatozi kitu, na huwaambia wazi kwamba yeye si wakili na asiitwe hivyo. Anachowaambia ni kwamba waende masjala wakasome faili, waangalie wito ulipelekwa lini, kwa nani, na hesabu imefikaje ilipofika. Na wasingoje, kwa sababu siku za mahakama zinahesabika.

Si wote wanaondoka wakifurahi. Mwezi uliopita alikuja mwashi mmoja, amewaka, anataka kufundishwa namna ya kuiangusha hukumu yake. Mama Makochi alisoma nakala yote, ukurasa hadi ukurasa. Wito alikuwa ameupokea na kusaini. Deni ni lake. Hesabu imenyooka. Akamrudishia karatasi na kumwambia akaombe kulipa kidogo kidogo, aombe mapema, asisubiri dalali. Mwashi akamwambia kumbe na yeye amenunuliwa.

“Nilimwacha aseme,” anasema. “Wiki iliyopita nimemkuta kwenye foleni ya mhasibu. Hakunisalimia. Lakini alikuwa kwenye foleni.”

Saa tano kasoro robo amerudi karakana. Anafuta ubao, anavua gauni, anaikusanya mikanda mipya na kuanza kuivuta juu ya fremu, mmoja mmoja, akiupigilia mwisho wake misumari mitano. Stakabadhi ya leo ameshaichoma kwenye msumari ukutani, ya kumi na nne katika rundo. Zimebaki tano.

Mwezi wa kulipa rejesho la mwisho, ana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kurudi masjala na kuomba karatasi yenye muhuri inayosema hukumu imelipwa yote. Ameshamuuliza karani, ameambiwa ipo, na kwamba wengi wakimaliza kulipa huondoka tu bila kuidai.

La pili hajamwambia mtu zaidi ya mumewe, ambaye alipolisikia aliweka kikombe chini na kuuliza kama anaumwa. Anataka cherehani ya kushonea ngozi, ya milioni nne. Fedha za kuinunua hana. Atakopa. Na atakopa kwenye kampuni ileile.

Mwandishi alimuuliza kwa nini asiende kwingine, kampuni za mikopo zimejaa kila mtaa. Mama Makochi anasimamisha nyundo, anaonekana kushangaa kwamba jambo hilo linahitaji maelezo.

“Kwingine hawanijui, itabidi tuanze mwanzo,” anasema. “Pale tumeshafundishana. Nitakwenda na karatasi yangu ya mahakama, nitakaa kwenye kiti, watanipa mkataba, na nitausoma wote mbele yao, mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa. Nasoma polepole. Foleni ikiwa ndefu nyuma yangu, wangoje.”